Kanda la Usufi

Miaka thelathini na moja nilipeleka barua
katika bonde hili la Slovenia, kwa baiskeli, kwa miguu,
na theluji ikizidi, kwa mbao za kutelezea.
Sikufungua hata moja. Nilijua uzito tu.

Ndiyo maana Tilen aliponiletea kile kidude,
redio ndogo kama kiberiti, antena imesimama kama mkia wa paka,
akaanza kunifafanulia masafa na wati,
nilimkatiza: Sema tu nani anampa nani.

Akachora kwa kidole kwenye unga, nilikuwa nakanda.
Wewe unampa Radovan, kule kwenye mizinga yake ya nyuki,
Radovan anampa daktari wa meno,
daktari anampa yeyote anayesikia.
Hakuna mnara wa kampuni. Hakuna bili.
Nguvu yake haitoshi kuwasha tochi,
na anayebeba hawezi kusoma anachokibeba.

Basi, nikasema, hiyo ni posta.

Majuma ya kwanza tulikuwa kichekesho.
Watu wazima vileleni, pua nyekundu, wanaandikiana:
Unanisikia?
Nakusikia.
Na sasa?
Sasa pia.
Mume wangu akauliza kwa nini nisipige simu.
Sikuwa na jibu, nikavaa buti.
Kicheche alitafuna waya wa Radovan.
Sanduku la daktari liliingia maji, akalifukia kwenye mchele.
Na ng'ambo ya mlima, anakokaa dada yangu, kimya.
Jabali halina huruma na mawimbi.

Halafu Januari, neno langu moja, "Umeoka?",
likamfikia.
Halikupita kwetu. Lilipita kwenye kituo kisicho na jina,
tarakimu nne tu, kilichotundikwa mahali fulani juu.
Tulikisalimu. Tilen alikisalimu kwa lugha tatu.
Hakikujibu. Kilibeba.
Usiku mvua ikaganda kwenye nyaya,
nguzo za umeme zikavunjika kama tambi mbichi,
siku tano giza, simu zimekufa,
nacho kinabeba: nani ameishiwa dawa ya sukari,
nani ana kuni, mbuzi wa nani amezaa,
na upuuzi wa Tilen kwa msichana fulani
(nakisia; sikusoma).

Aprili nilipanda kukitafuta.
Kilikuwa kwenye nguzo ya lifti iliyoachwa,
ndani ya kopo la siagi, na paneli ya jua sawa na kiganja,
lehemu yake safi, ya mkono uliozoea.
Na karatasi ndani ya nailoni:
"Msikizime. Kinakula jua tu."

Mwandiko ule ningeusahau? Ile k inayopiga teke!
Hermina, aliyesokota koili kiwanda cha simu
mpaka kikafungwa. Kila mwezi alitia saini ya pensheni
akiwa kizingitini, mlango nusu.
Miaka yote ile sikumpelekea barua ya mtu.
Bili, ndiyo.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi:
husemwa kwa kukemea, najua.
Mimi nililipima kopo lile mkononi, kama zamani.
Gramu mia mbili, pengine pungufu.
Nikaifuta paneli kwa mkono wa sweta, nikashuka.
Mlangoni kwake nilipita. Sikubisha.

Nyumbani nikawaandikia wote:
Kuna anayejua Hermina anapenda mkate gani?

Tanuri halijapata moto, jibu likaingia,
kutoka kwenye zile tarakimu nne:

Wowote. Usitie kisibiti.