Sifa za Mwombaji

Tangazo lilibandikwa ubaoni, jengo la halmashauri,
chini ya orodha ya wadaiwa sugu wa kodi ya pango:
awe na stashahada ya afya ya mifugo,
awe na leseni ya udereva, daraja D,
awe tayari kufanya kazi nje ya saa za kazi.
Nikasema, mimi hapa. Mpwapwa nimesoma,
mkono wangu umeshaingia ndani ya ng'ombe hadi kwapani,
mbwa atanishinda nini?

Hawakuandika kwamba gari halina stata,
na ukilisukuma Nkuhungu watoto watalisukuma nawe
wakiimba Bwana Mbwa, Bwana Mbwa,
jina ambalo sasa hata mke wangu analitumia
nikichelewa kurudi.
Hawakuandika vumbi la Agosti.
Hawakuandika ng'ombe kumi na wawili wa mkubwa fulani
wakila maua ya jiji pale kipilefti,
na simu inayoita kabla sijafunga geti la zizi:
"Unajua hao ni wa nani?"
Najua. Nimeisoma chapa pajani.
Faini ni kwa kichwa, mkuu. Cha ng'ombe, siyo chako.

Lakini nilitaka kusema juu ya mbwa mmoja.

Chang'ombe, mwezi wa tisa. Lusito, miaka sita,
kang'atwa kwenye kigimbi.
Mwenye mbwa ni Mama Sechelela, muuza mlenda mkavu.
Nikafungua daftari: jina la mnyama?
Akaugeukia ukuta wa jirani, akatamka
kwa sauti ya kuvuka matofali:
"Watasema."
Nikaandika. Watasema. Dume, rangi ya majivu, mkia umepinda.
Chanjo: hakuna.
Ng'ambo ya ukuta mama wa mtoto alikuwa ameshasema
yote ya miaka minne: bomba, mpaka,
kuku aliyetoka asubuhi asirudi.

Taratibu yenyewe ni nyepesi mdomoni.
Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka,
mtoto hospitali leo leo, sindano isikosekane hata moja.
Mbwa afungwe siku kumi, atazamwe.
Akifa kabla ya kumi, nakata kichwa,
nakitia kwenye boksi la barafu, nakipeleka maabara.

Siku ya kwanza alikula. Ya pili alikula.
Ya tatu Mama Sechelela alileta ugali wa uwele,
akasimama upande wa geti.
Ya nne akaja Mama Lusito, mikono mitupu,
akasimama upande wa mfereji.
Hawakusalimiana. Wote wawili walikuwa wanautazama
mdomo mmoja wa mbwa.

Ya tano, Watasema akasusa chakula.
Mimi msomi, mimi niliyechanjwa mara tatu,
nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa hadi giza likaingia,
nikitafuta udenda, nikisikiliza
kama sauti imekwaruza.
"Atapona?" Mama Lusito aliniuliza.
Nikaanza kumweleza habari za mwanawe.
Akanikatiza. Alikuwa anamuulizia mbwa.

Ya sita alikuja na utumbo wa mbuzi ndani ya gazeti.
Hakuurusha. Alimpa mwenzake:
"Mpe wewe, wewe ndiye anayekujua."
Watasema akanusa, akatuangalia mmoja mmoja,
akala. Akala na gazeti.

Sijui walizungumza nini njiani.
Niliona migongo tu, na kati yao
nafasi ya kupita punda mmoja na madumu yake.

Siku ya kumi nilisaini, nikamchoma chanjo, nikafungua mnyororo.
Ukuta bado upo. Kesi ya mpaka bado iko baraza la kata.

Mwaka huu wanatafuta wa pili, anisaidie.
Ofisa utumishi kanipa rasimu ya tangazo:
kuna la kuongeza?
Nilishika kalamu muda mrefu, kisha nikaandika:
awe anaweza kuhesabu hadi kumi.

Akalifuta kwa rula.
"Hiyo," akasema, "kila mtu anaiweza."