Mabenchi Mawili

Fundi Chidawali amekuja na futikamba,
penseli sikioni, anauliza upana.
Upana wa nini, nasema, katiba haijapita.
Ninyi mnasema benchi, anajibu. Mimi nataka namba.

Namba ninazo, mimi ndiye katibu.
Stendi: watu elfu mbili mia moja arobaini na wawili.
Nzogole: mia sita na tisa.
Chilonje: sitini na watatu,
na chemchemi.

Hapo kwenye chemchemi ndipo kikao kilipokwama
tangu mvua ya kwanza ya mwaka jana,
ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Bi Mameso wa chapati alisimama na ndoo yake:
"Lita ishirini. Ya Chilonje nayo lita ishirini.
Kiu haina kitongoji.
Mkitupa sisi kiti kimoja, na wao kimoja,
basi mtu mmoja wa kule
ana uzito wa watu thelathini na wanne wa kwetu.
Nimegawanya mwenyewe, juu ya mfuko wa unga.
Nani hapa anakubali kuwa kipande?"
Tukacheka.
Kisha tukaacha kucheka.

Chilonje walimtuma Lechipya, kijana wa mbuzi,
wengine walikuwa wanapalilia uwele.
Hakusimama.
"Mkihesabu vichwa, tumekwisha kabla ya kuketi.
Mkitaka kuhamisha bomba, mtapiga kura, mtashinda.
Mkitaka kutufungia usiku, mtapiga kura, mtashinda.
Hamtafanya hivyo, najua, ninyi ni watu wema.
Ila mimi sitaki kunywa wema wenu."

Basi tukaandika mabenchi mawili.
Benchi la Vichwa: kila watu mia mbili, mjumbe.
Benchi la Vitongoji: watatu tu, mmoja mmoja.
Jambo lisipite mpaka lipite kote kuwili.
Kwa hesabu hiyo Chilonje ilipata theluthi ya mtu;
tukamkamilisha.
Ya Stendi iliyozidi kumi tukaifuta,
na Bi Mameso akaiona.

Nikapanda basi hadi Dodoma, rasimu ichapwe.
Dukani, Barabara ya Saba, binti hakuinua macho:
"Sitini na tatu? Umesahau sifuri?"
Hakuna sifuri, nikamwambia.
Nje ving'ora vilipita kuelekea bungeni,
akasubiri vipite, akaandika sitini na tatu,
akanidai elfu tatu na mia tano.

Niliporudi, Chilonje walikuwa wamezaa.
Sitini na wanne.
Karatasi bado ina joto la mashine
na tayari inasema uongo.

Chidawali anaikunja futikamba.
"La vitongoji nitalipigilia misumari.
Upana wake ni uleule hata Stendi ikifika reli.
La vichwa nitaliacha wazi upande mmoja,
nichomeke mbao mkizidi kuzaana."
Namuuliza: yatazamane, au moja likae nyuma ya jingine?
"Hilo," anasema, "si la seremala."

Anaondoka na malipo ya awali na mashaka yangu.
Kule chini pampu inakohoa, inashika.
Ndoo zimepangwa kwa kufika:
ya Stendi, ya Stendi, ya Chilonje,
ya Stendi,
moja isiyo na mfuniko, sijui ya nani.