Ghalya, Ukifika Ibri

Usiliweke kiti cha mbele,
jua la kioo litaliunguza hata Fanja hujafika.
Liweke chini, nyuma yako, ulifunike kanga yangu iliyolowa,
ile yenye doa la manjano, siyo nzuri.
Na kiyoyozi cha gari kisilipulize usoni.
Ndiyo, lina uso. Utauona.

Kwa bibi yako, Pemba, makangaga yalijiotea ukingoni mwa kisima,
yakakanyagwa na kila mwenye ndoo.
Hili mama yake nilimnunua Barka, riali tatu na nusu,
kwa Mmalayali mmoja, Kunjumon, aliyemzungushia gazeti
akaniambia kwa Kiarabu chake cha dukani:
"Mama, jua hapana. Upepo hapana. Kusahau hapana."

Nikamweka bafuni.
Ami yako alicheka wiki nzima:
mgeni gani anakaribishwa chooni?
Lakini huko ndiko kwenye mvuke,
na kidirisha chenye vumbi kinachopitisha mwanga
kama mtu anayetoa sadaka kwa kificho.

Maji ya bomba usilimwagilie.
Yametoka baharini, yamechujwa, tunayanywa,
ila ncha za majani hazidanganyiki, zinageuka rangi ya chai.
Tega ndoo chini ya kiyoyozi, pale kinapodondosha.
Mwezi wa saba, hapa Ruwi, ndoo hujaa kabla ya adhuhuri.
Joto lote hili la kunata tunalolilaani
kumbe ni mvua iliyokosa pa kunyeshea.

Sasa nisikilize. Hili sijamwambia mtu.
Mwaka wa pili niliona vidoa vya kahawia chini ya majani,
safu mbili mbili, vimepangwa kama vishikizo.
Nikasema: wadudu.
Nikachukua mswaki mkuukuu na sabuni ya vyombo,
nikakwangua jani kwa jani hadi alasiri,
maji yake nikayamwaga roshani, nyuma ya mashine.
Nikajisifu. Hata mama yako nilimpigia simu.
Kunjumon alipoiona picha alinyamaza,
naye ni mtu wa maneno mengi,
kisha akasema: "Mama, hao walikuwa watoto."

Unanijua, Ghalya.
Unajua kwa nini neno lile lilinikaa kooni.

Ukaja upepo wa gharbi, ukapita.
Siku moja nakwenda kuanua nguo,
kwenye ufa wa kigae, pale panapodondoka maji,
nikaona kijani chembamba, kilicholala,
vijani vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha wa mwisho.
Nikaanua kanzu za ami yako kwa vidole vya miguu.
Wiki ngapi sijui, kikainuka kimkia kilichojikunja,
mkia wa kinyonga hasa,
kikajikunjua polepole, kama hakina haraka na mtu.
Ndilo hilo ulilolipakata.

Ibri ni kavu, najua.
Tia kokoto na maji kwenye sahani, chungu kikae juu yake.
Mbolea, nusu ya wanavyoandika kwenye chupa.
Majani yakifa kata yaliyokufa tu, kitovu ukiache,
kitovu kina subira kuliko sisi.
Na ukiona vidoa chini ya jani,
safu mbili mbili,
weka mswaki chini. Usifanye lolote.
Nipigie mimi, hata iwe usiku.

Na ile kanga, uirudishe.