Kisanduku cha Saba

Fomu ilikuja Jumatatu, kurasa nne, pini imepinda,
na kisanduku cha saba kinauliza:
*Unajiona wapi baada ya miaka mitano?*
Nimekiacha wazi hadi leo Alhamisi.

Hapa ni Moshi, Mtaa wa Kiusa, ghorofa ya pili,
juu ya duka la pembejeo.
Harufu ya dawa ya mibuni inapanda ngazi pamoja nasi
tunaokuja kuhariri makala za chulebuni.
Miaka kumi na mmoja. Mhariri Msaidizi.
Mlangoni ile "M" ya pili ilibanduka,
likabaki "saidizi",
na hakuna aliyeona kosa ila mimi.

Bwana mmoja wa udongo nilimrudishia jedwali lake,
asilimia zimefika mia na nne,
kwa barua ya adabu: *Huenda macho yangu yamechoka, lakini…*
Hayakuwa yamechoka.
Kazi yenyewe ndiyo hiyo:
kujua, kisha kuuliza kama asiyejua.

Gadiel alikuja na begi la mgongoni.
Nilimfundisha kistari kifupi na kirefu,
na kwa nini "n.k." ni maficho ya mtu aliyeishiwa mifano.
Sasa ni Meneja wa Uzalishaji.
Mbele ya wageni ananiita mama,
kwenye barua pepe ananiita timu.
Si mtu mbaya. Paa la stoo lilipovuja
alivua viatu, tukaokoa matoleo ya zamani pamoja.
Lakini warsha tatu za Nairobi alikwenda yeye;
mimi nilibaki na toleo la Juni,
kwa kuwa, walisema, bila wewe haliwezi kutoka.
Ilinichukua muda kuona kwamba sifa ile ina komeo.

Saa nne ni chai.
Tunachangia harusi, msiba, kipaimara.
Mshahara hatuutaji. Mtu akiuelekea,
vijiko vinakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

Mwezi uliopita alikuja Nakijwa kutoka Same,
mafunzo kwa vitendo, miezi mitatu, posho hakuna,
penseli yake mwenyewe.
Jana aliniuliza, watu wote wakisikia:
"Dada Haikaeli, jina lako liko wapi?"
Alikuwa amebeba matoleo ishirini na mawili,
akipekua kurasa za ndani kama anayesaka kosa la chapa.
Shukrani kwa wafadhili.
Shukrani kwa wahakiki wasiojulikana.
Hata wasiojulikana wametajwa.
Nikamwambia, ndio utaratibu wa jarida.
Akaandika pembeni, kwa wepesi, kama nilivyomfunza:
*Chanzo?*

Basi leo nimeishika fomu kama makala ya mtu yeyote.
Swali la pili lilikosa mkato. Nimeuweka.
La nne, "sisi kama familia":
*Mwandishi afafanue. Nani mama, nani mtoto wa kambo?*
La sita, "fursa ziko wazi kwa wote":
*Jedwali halikuambatishwa.*

Kwenye la saba nimechonga penseli hadi mti ukanukia.
Nimeandika jina langu, lote,
Haikaeli Ndesario Lyatuu,
na chini yake, herufi ndogo:
*Ukurasa wa ndani, mstari wa tatu.
Mhariri. Bila kivumishi.*

Gadiel amepita, kauliza kama nimemaliza.
Bado, nimesema, kuna masahihisho machache.
Amecheka. Kisha ameona ni fomu yake,
aliyoitunga yeye, usiku, nadhani, kwa haraka.
Amevuta kiti.
"Nionyeshe."

Kwa mazoea nikamsogezea kifutio.
Halafu nikanyoosha mkono,
nikakirudisha upande wangu wa meza.