Miji Niliyoijua kwa Maegesho

Mwaka wa kumi na saba huu nawapeleka watu kwa wafalme,
na kaburi la hata mmoja sijaliona.

Xi'an naijua: nguzo namba tisa, kivuli cha saa nne,
choo cha kulipia, na mama Hao auzaye mayai
yaliyochemshwa kwenye chai mpaka yakaota nyufa.
Askari wa udongo? Nasikia ni wengi.
Nasikia hakuna wawili wenye sura moja.
Wangu ni thelathini na wawili, wastaafu wa Shenyang,
wote kofia nyekundu,
nami nimejifunza kuwatambua kwa viatu.

Luoyang ni kokoto na mbwa mwenye jicho moja.
Kaifeng ni mteremko: weka jiwe nyuma ya gurudumu.
Wenjuan, mwongozaji wetu, ana bendera ya njano
na kipaza sauti kilichofungwa kwa utepe wa umeme.
Huwaambia chini ya Kaifeng kuna Kaifeng,
na chini ya hiyo nyingine, na nyingine,
mto ulipanda ukazifukia kwa tope, watu wakajenga juu,
ukapanda tena.
Hayo niliyadaka mlango ulipochelewa kufunga.
Siku nzima nikawa nakanyaga breki polepole.

Pingyao magari hayaingii.
Jioni Wenjuan akahesabu: thelathini na mmoja.
Akahesabu tena, safari hii akiwagusa mabega.
Hayupo Mzee Kou, yule asiyeimba njiani,
asiyenunua kitu, aliyeniuliza mara moja tu
kama basi linakula dizeli kiasi gani.

Sauti ya Wenjuan ilikuwa imekwisha.
Akiondoka yeye, hawa watatawanyika kama dengu.
Akanikabidhi bendera
kama mtu anayekupa mtoto wa mwenzake umshikie.

Basi nikaingia, mimi,
na viatu vyangu vya kukanyagia klachi.

Chini ya lango nilijikwaa.
Nikainama kutazama kilichonikwaza:
mawe yamechimbika mifereji miwili, sambamba,
laini kama ndani ya bakuli.
Magurudumu ya mikokoteni, miaka na miaka,
ikipita pale pale, kwa sababu pengine hapapitiki.
Nikapima kwa hatua upana wake.
Basi langu lingekwama.
Nilichuchumaa pale, bendera kwapani, watu wakinizunguka.
Madereva!
Miaka kumi na saba wanashuka wakinisimulia wafalme,
wala hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba hapa palikuwa na madereva.

Mzee Kou nilimkuta nyuma ya duka la tambi,
ndani ya ua wenye kibao: HAPAFUNGULIWI KWA WAGENI.
Amekaa kwenye kigoda, chupa ya chai mapajani,
chupa ya bati, maua mekundu yamechubuka,
ameipindua anasoma kitakoni.
“Kumi na nne,” aliniambia. “Namba ya mkaguzi.
Kumi na nne ni mimi.”
Kiwanda kile kilishabomolewa, pakajengwa ghorofa.
Mwenye nyumba, Bibi Rong, alisimama na kizibo mkononi,
akisubiri arudishiwe mali yake.
“Nilitia maji alfajiri,” akasema, akanimiminia.
Nikaunguza ulimi.

Tulirudi giza limeingia, taa zimewashwa.
Langoni nilimshika mkono Mzee Kou: “Angalia mguu, kuna mfereji.”
Alidhani naongelea maji machafu.

Wenjuan akahesabu kwa midomo, bila sauti. Wametimia.
Mama mmoja wa kiti cha mbele akaniuliza,
“Haya dereva, leo umeuona mji?”
Nikasema nimeona mlango.
Wakacheka wote, nami nikacheka,
nikaweka gia ya nyuma.

Lami ya maegesho ilikuwa mpya, nyeusi tii.
Nilitazama kwenye kioo: tairi zangu haziachi alama.
Bado.

Mzee Kou alilala kabla hatujafika kituo cha ushuru,
mdomo wazi, kofia imemwangukia puani.