Benchi la Pili

Kamba walikuwa wameshainunua.
Niliiona nyuma ya mlango, ya mkonge, mpya,
na hakuna aliyeitaja tulipokuwa tukinywa chai.

Mama Ajwang' alinitazama kutoka viatu kwenda juu.
"Wewe ndiye yule mfua majiko wa Kibuye?"
Ndimi.
"Yule aliyevua nguo pale stendi?"
Ndimi huyo huyo, mama. Sukari imetosha.

Chumbani Omuga alikuwa ameziba matundu ya soketi kwa sabuni.
Wiki ya sita hii, usingizi ni wa kuokoteza.
Redio ya jirani inamtaja kwa jina,
hata ikizimwa.
Babake akahesabu kwa vidole: mbuzi wa mchungaji,
mafuta ya upako, nauli ya kwenda Yala na kurudi.
"Ni bangi," akasema. Kisha: "Au ni lile shamba la babu."
Kisha akaitazama mikono yake.

Sikumwambia amekosea.
Baba yangu naye aliuza fahali wawili
kabla ya kumuuliza daktari neno moja.
Nilitoa kadi yangu ya kliniki,
pembe zimelika kama noti ya zamani,
nikaiweka karibu na mkate.
Miaka minane ya tarehe, muhuri juu ya muhuri.
Mama akapitisha kidole mstari kwa mstari,
kama anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani.

"Na kazi unaifanya?"
Jiko lako lile lenye mguu wa kijani, mama,
nililifua mimi.

Alhamisi tukatoka Nyalenda umande haujakauka,
Omuga na kofia mpaka kwenye nyusi.
Langoni akagoma. Sikumvuta.
Tulisimama kando ya muuza njugu
hadi kusimama kukamchosha.

Ndani, benchi la pili kutoka dirishani,
akauliza bila kugeuka:
"Zako zilikuwa zinasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Daktari wa kwanza aliandika tu: sauti.
Zilinicheka, nikasema,
kwa jina la utani la darasa la nne.
"Jina gani?"
Nikamnong'oneza.

Akacheka, kidogo, kwa pua.
Muuguzi akaita kumi na saba.
Babake alikuwa wa kwanza kuinuka, kofia mkononi.
Omuga akafuata, akafika mlangoni, akarudi hatua mbili.
"Usiende."

Nilikuwa na majiko matatu ya kupeleka kabla ya saa nane.
Sikwenda.