Kaseti ya Dakika Tisini

Kwanza unasikia kikohozi.
Si cha mwimbaji. Ni cha Nampulu, fundi redio,
aliyeniweka kwenye stuli karibu na spika
akasema, Kidole kikae hapa,
ukikitoa nitakikata.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikakaa.

Kisha viti, chupa, mtu anamwita Somoe,
Somoe haitiki.
Mvua ya kwanza ya Novemba inalijaribu bati la ukumbi
tone moja moja,
kama mtu anayehesabu hela asizoziamini.
Masasi ilikuwa imelipwa korosho wiki ile.
Hata waliouza kangomba, wakala hela yao tangu Julai,
walikuja wameoga.

Mbwemkuru Jazz walikuwa wazee tayari.
Hokororo wa besi alipiga ameketi, goti limefungwa kitambaa.
Chitanda wa dramu alikuwa na meno manne, mikono minane.
Na Dadi Libaba, gitaa la solo,
shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo,
hakumtazama mtu.

Wimbo wenyewe una beti mbili tu,
habari za mke aliyekwenda kwao Newala
kusalimia, hakurudi.
Beti zikaisha. Gitaa likatoka nje kumtafuta.
Besi ikabaki kulinda nyumba.
Dakika ya kumi likarudi, likabisha hodi,
halikuingia, likaondoka tena
kwa njia nyingine, ya mawe.
Dakika ya arobaini watu wameacha kucheza.
Sikiliza vizuri: hiyo ndiyo sauti
ya watu mia tatu waliosimama.

Tak.

Upande A umekwisha.
Nikafungua, nikageuza, nikabonyeza vibaya,
nikabonyeza tena.
Sekunde tisa. Nimezipima baadaye kwa saa ya mkono,
mara nyingi kuliko inavyofaa.

Kaseti ikanakiliwa Nachingwea, ikanakiliwa Tandahimba,
ikavuka Ruvuma ndani ya mfuko wa ming'oko,
na shimo likanakiliwa nalo.
Kila mtu ana la kulijazia.
Mjomba Akwilombe anaapa gitaa lilisema jina la yule mke.
Wengine: umeme ulikatika. (Haukukatika.)
Kuna mmoja, hakuwa hata amezaliwa,
anakumbuka alikuwa amesimama wapi.

Na upande B unaanza na gitaa jingine kabisa,
linaruka ngazi, linachechemea,
linafika mahali linapokusudia kwa kupitia uani.
Vijana wakauita mtindo wa Libaba.
Wamejifunza mpaka vidole vimeota sugu.

Nilimkuta Chiungutwa, amestaafu, anabangua korosho,
moshi umemkaa kwenye kope.
Nikamuuliza. Akacheka mpaka akapaliwa.
"Waya wa tatu ulikatika, mwanangu.
Nikatoa tusi. Tusi la kikubwa, la nguoni,
na mama yako yuko mstari wa mbele.
Sijawahi kuisikiliza hiyo kaseti.
Miaka yote hii najua limo."

Jana nimeiweka tena. Utepe umechoka,
nimeuunga mara mbili kwa salotepu,
nimeuzungusha kwa kalamu ili nisiwachoshe betri.
Sasa nasikia nyaya tano.
Anafika pale pa ule wa tatu, anapakwepa,
kama unavyopita mlango wa chumba cha marehemu
nyumbani kwako mwenyewe, usiku, bila taa,
mwili unajua.

Mvua imekuwa kubwa. Hokororo anacheka na mtu.
Nampulu anakohoa.
Na karibu na mwisho, mbali, nyuma ya dramu,
mwanamke anaitika: Abee!
Hilo nilikuwa sijawahi kulisikia.